Namba Kumi na Tisa

Dalali alikuja Mwakirunge na fomu ya kurasa mbili.
Pale palipoulizwa juu ya ardhi pana nini
akaandika, bila kushuka kwenye pikipiki:
"Malisho. Vichaka. Hakuna kitu."

Mimi nilikuwa karani wa mizigo Kilindini
miaka thelathini na mmoja.
Sijapata kuandika "hakuna kitu"
kwa kontena nisilolifungua.

Basi nikanunua daftari la mistari,
nikaingia malishoni kabla jua halijawa kali,
viatu vya ofisini, penseli sikioni,
na ng'ombe saba wa marehemu kaka yangu
wakinitazama kama maafisa wa forodha.

Namba moja ilijiandikisha yenyewe:
ilipenya soli, soksi, kisigino.
"Mkingiri huo," akasema Mbeyu, mchunga mbuzi wa jirani,
bila kuacha kutafuna muwa.
"Ua lake ni taa ya rangi mbili,
zambarau juu, manjano nchani.
Ukilisahau ua, mwiba utakukumbusha."

Namba mbili, mkwamba:
tembe nyeupe, tasbihi iliyokatika uzi,
na shore wawili walionitangulia kuzihesabu.
Namba tatu, mkone. Jani lina shavu moja kubwa
kama mtu aliyekesha na jino.
Mbeyu akachuna gome, akafungia kuni,
akaniambia nivute.
Nikavuta. Halikukatika.

Namba nne nilikosea.
Niliandika mkunazi, kwa ajili ya mishipa mitatu
itokayo kikonyoni ikapanda jani zima.
Yeye akaligeuza jani.
"Mkunazi mgongo wake mweupe. Huu kijani kotekote.
Na hebu tazama juu."
Juu palining'inia matunda mviringo, magumu,
ya kumwangukia mtu kama deni.
Mkwakwa. Nikafuta. Raba ikachana karatasi.

"Wewe unausoma mti kama barua ya serikali," akasema.
"Uvunje kwanza. Unuse. Uulize nani anaula."

Nikavunja. Nikanusa.
Mtopetope mwitu: limau lililosahauliwa kabatini.
Mdaa niliutafuna mzizi,
na usiku mke wangu akaniuliza
meno yale nimeyaazima wapi.

Mtunguja hauguswi na mbuzi.
"Ukiona mingi, ujue pamelishwa kupita kiasi."
Kandokando ya birika la kaka yangu ilikuwa mingi.
Nikaandika idadi. Sababu sikuiandika.

Kwenye mshomoro nilisita, maua yale yalivyopendeza.
"Huo si wa hapa."
"Niuandike wapi?"
"Pembeni."
Nikauandika pembeni, shehena isiyo na mwenyewe.

Siku ya sita, kando ya shimo la matofali,
namba kumi na tisa:
kichaka cha kimo cha goti, kikonyo chekundu,
majani mawilimawili yakitazamana,
mwiba hakina, ua hakina, harufu hakina.
Mbeyu akanusa mara mbili.
Akatafuna. Akatema.
"Huu siujui," akasema,
na akawa wa kwanza kuangalia pembeni.

Nikakata tawi, nimpelekee mtu Shanzu
mwenye bustani ya miche.
Nikaliweka juu ya ukuta, nikaenda kunawa.
Niliporudi beberu alikuwa anamalizia kikonyo.

Jioni yote nilikaa naye, nione kama atakufa.
Alicheua, akanitazama, akalala.
Asubuhi nilimkuta kando ya shimo,
palepale, kichwa ndani ya kichaka.

Dalali alipopiga simu
nikamwambia fomu yake nafasi haitoshi.
"Nafasi ya nini, mzee?"
Nikaanza kumsomea.
Kwenye mchongoma akakata.

Namba kumi na tisa iko hivyo mpaka leo, kwa penseli:
jina, nukta nukta nukta.
Aliyetoa habari: beberu.